Bonde la Kilombero kwa baisikeli: kutoka Mikumi hadi Ifakara, Mahenge na Mlimba

Anayejiandaa kulipita Bonde la Kilombero kwa baisikeli huuliza kwanza habari za milima, kwa kuwa safu ya Udzungwa imesimama upande wa kulia karibu njia nzima. Swali la kwanza liwe la maji. Barabara ya bondeni ni tambarare na mwenye miguu ya kawaida anaimudu. Kinachoamua kama utafika ni mvua ilinyesha lini, na tairi limekanyaga udongo gani.

Mvua huanza Novemba au Desemba, hupamba moto Machi na Aprili, kisha hukatika Mei. Mto Kilombero hutoka kwenye kingo zake na mbuga zote za pembeni hugeuka maji. Si ajabu bonde hili liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya maeneo oevu ya Mkataba wa Ramsar, likiwa na karibu kilomita za mraba 8,000. Panga safari kati ya katikati ya Juni na mwisho wa Septemba. Oktoba inawezekana, ila joto la mchana linamaliza nguvu na vumbi linaingia kila mahali. Kwa njia ya Mlimba subiri Julai: Juni barabara inaweza kuwa imekauka juu huku chini yake bado kuna tope, na utaligundua hilo ukiwa umeshazama.

Anzia Mikumi mjini, si Morogoro. Barabara kuu ya kwenda Zambia inakatiza ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kama kilomita 50. Humo wamo tembo, nyati na simba, na malori yanapita kwa kasi. Hapo si mahali pa baisikeli. Panda basi mpaka Mikumi, ulale, uanze saa 12 asubuhi.

Ukitokea upande wa Morogoro, njia ya Ifakara inachepuka kushoto, kuelekea kusini. Kipande cha kwanza, Mikumi hadi Ruaha na Kidatu, ni kama kilomita 37 za lami nyembamba yenye kupanda na kushuka. Watu wengi huchoka hapa kuliko mahali pengine popote kabla ya Mahenge, kwa sababu wameambiwa kwamba bonde ni tambarare, wakakimbia tangu asubuhi. Tumia gia nyepesi, panda taratibu, uache nguvu za mchana.

Kwenye miteremko ya kuelekea Kidatu usishikilie breki mfululizo. Breki za mpira zinazobana ringi huipasha moto, na ukiwa na mzigo joto hilo linaweza kupasua tyubu. Bana breki zote mbili kwa nguvu sekunde mbili tatu, achia, kisha bana tena. Kila baada ya mteremko mrefu simama, gusa pembeni mwa ringi kwa ncha ya kidole. Kama kidole hakivumilii, pumzika dakika tano. Usiimwagie ringi maji.

Ukishavuka daraja la Ruaha Mkuu umeingia Wilaya ya Kilombero. Juu yake kidogo kuna bwawa la Kidatu, lenye mitambo ya umeme ya megawati 204, na mbele yako kuna mashamba ya miwa. Toka hapa hadi Ifakara ni kama kilomita 67 za lami. Uzuri wa lami umeleta hatari yake: magari yanakwenda kasi, na msimu wa kuvuna miwa malori na matrekta yanavuta matela mapana, huku vipande vya miwa vikidondoka barabarani. Muwa uliolala kwa urefu wa barabara humtelezesha mwendeshaji kama reli yenye maji, kwa hiyo uvuke ukiukata moja kwa moja, usiukanyage kwa mshazari. Funga kioo kidogo upande wa kulia wa usukani, kwa kuwa tunaendesha kushoto na kinachokupita kinatokea kulia. Ukiona tela nyuma na gari jingine linakuja mbele, toka nje ya lami usimame. Usibishane na miwa.

Kutoka Kidatu unapita Mkamba na Sanje hadi Mang'ula. Jumla ya siku kutoka Mikumi ni kama kilomita 65, na inatosha. Mang'ula ndiko liliko lango kuu la Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992. Haina barabara za magari ndani, watu hutembea kwa miguu, kwa hiyo baisikeli utaiacha getini. Kama una siku ya ziada, itoe kwa maporomoko ya Sanje, yanayoanguka kwa ngazi tatu kwa urefu wa kama mita 170. Miguu itapata kazi tofauti na kukanyaga pedali, na hilo huisaidia zaidi kuliko kulala kutwa.

Kanuni moja ya kipande hiki haina mjadala: giza lisikukute barabarani. Tembo huvuka kati ya Udzungwa na Hifadhi ya Nyerere, hasa usiku, na baisikeli isiyo na mlio humshtua mnyama kabla hajakusikia. Ukiona kinyesi kibichi au migomba iliyovunjwa, waulize wanakijiji tembo wamepita saa ngapi.

Mang'ula hadi Ifakara ni kama kilomita 43 kupitia Kiberege na Signali, tambarare kabisa. Ukiondoka saa 12 asubuhi utafika Kibaoni, njia panda ya Ifakara, kabla jua halijawa kali. Tumia muda huo vizuri, maana Ifakara ndiyo mahali pa kuikagua baisikeli kwa makini.

Ifakara ni mji wa baisikeli. Wanafunzi, wauguzi, wauza samaki na wakulima wa mpunga wote wanazo, na mafundi wako kila kona. Lakini fundi hodari hawezi kukupa kifaa ambacho dukani hakipo, na hapa ndipo wageni wengi wanakwama. Vipuri vinavyopatikana ni vya aina mbili: vya baisikeli nzito za mzigo zenye gurudumu la 28, na vya baisikeli za gia zenye gurudumu la 26. Kama unachagua baisikeli ya safari hii, chukua ya 26.

Hiyo 28 ina mtego. Tairi la baisikeli ya mzigo limeandikwa 28 x 1½, na ukisoma namba ndogo pembeni utaona 635. Baisikeli nyingi za kisasa za mwendo zina tairi lililoandikwa 700C, wakati mwingine na 28 pia, lakini namba yake ndogo ni 622. Hizo ni milimita za kipenyo cha ringi mahali tairi linapokaa. Tofauti ya milimita 13 inatosha kabisa: tairi la 635 litapwaya kwenye ringi ya 622 na kuchomoka ukilijaza upepo. Tyubu yake unaweza kuibana ndani kwa dharura, tairi hapana. Mwenye ringi za 622 au za inchi 29 abebe tairi moja la akiba la kukunja kutoka Dar es Salaam.

Mtego wa pili ni valvu. Valvu nene inafanana na ya pikipiki, kwa hiyo kila fundi wa bodaboda mwenye pampu atakujazia. Valvu nyembamba yenye kichwa cha kufungua kwa vidole inahitaji kiunganishi. Nunua viwili, kimoja kifungwe kwenye valvu yenyewe kisipotee. Usifikiri utanunua tyubu ya valvu nene ukaitia popote: tundu la valvu nyembamba kwenye ringi lina milimita kama 6.5, nene inataka 8.5. Fundi atakushauri litobolewe. Kwenye ringi pana ya 26 inawezekana, mradi alainishe ukingo kwa tupa ili usiikate tyubu. Kwenye ringi nyembamba kataa. Ukijaziwa kwa mashine ya upepo, jaza kwa miguso mifupi na upime kwa dole gumba kila mara. Mashine inayojaza tairi la gari hupasua tyubu ya baisikeli kwa sekunde chache.

Vya kubeba, kwa watu wawili wenye baisikeli za 26: tyubu nne, viraka kumi na tano na solusheni mbili (iliyokwisha kufunguliwa hukauka kwa joto), msasa, vitoa tairi vitatu, pampu, kifaa cha kukata cheni na pini mbili za kuungia, spoku sita za urefu halisi wa magurudumu yako, waya wa breki na wa gia, mipira minne ya breki, spana za alen za milimita 4, 5 na 6, chupa ndogo ya mafuta ya cheni, na mita tatu za mpira uliokatwa kutoka tyubu kuukuu. Huo mpira ni kifungio bora kuliko kamba ya manila: unavutika, haulegei kwa mtikisiko, na ukiuzungushia keria iliyovunjika unafika mjini. Waangalie wabeba mkaa wanavyofunga.

Mzigo usizidi kilo 15 kwa mtu, maji yakiwa nje ya hesabu. Vizito vikae chini, karibu na fremu. Ukirundika juu ya keria, usukani utatetemeka kwenye mteremko, na spoku za nyuma ndizo zitakazolipa gharama.

Spoku hukatika zaidi gurudumu la nyuma, upande wa gia, na huko huwezi kuibadilisha bila kutoa friwili, yaani yale meno ya gia ya nyuma. Kama kifunguo chake hamna, fanya hivi. Pindua baisikeli, toa kipande kilichokatika au kizungushie kwenye spoku ya jirani kisipige kelele wala kunasa. Zungusha gurudumu uone ringi inapopinda: spoku ya kulia ikikatika, ringi huvutwa kushoto. Legeza spoku mbili za kushoto zilizo karibu zaidi na pengo, kila moja nusu mzunguko, uangalie tena. Ongeza robo robo mpaka ringi isiguse breki. Usikimbilie kukaza za kulia, kwani tayari zimebeba mvutano wa ile iliyokufa, na ukizikaza nyingine itafuata. Kisha hamishia mzigo wa nyuma kwa mwenzako mpaka mpate fundi.

Kutoka Ifakara njia zinagawanyika. Ya kusini inavuka Mto Kilombero kwa Daraja la Magufuli, lenye mita 384, lililofunguliwa Mei 2018. Kabla yake watu walivuka kwa kivuko. Simama upande mmoja wa daraja utazame mto ulivyo mpana hata kiangazi, utaelewa kwa nini hakuna anayeufanyia mzaha. Usishuke kuoga. Mamba na viboko wapo, na njia laini iliyokatwa kwenye matete, kana kwamba imetengenezwa kwa ajili yako, ni njia ya kiboko.

Ifakara hadi Lupiro ni kama kilomita 28, na Lupiro hadi Mahenge ni kama 44. Ukitoka kwenye lami ya daraja, tegemea changarawe na vumbi. Punguza upepo. Kwa tairi la 26 x 2.0 na mtu wa kilo 70 mwenye mzigo, lami inataka kama psi (kipimo cha upepo) 50 nyuma na 45 mbele. Kwenye changarawe shuka hadi 38 nyuma na 32 mbele. Usiende chini zaidi, jiwe litaibana tyubu kwenye ringi na kuitoboa matundu mawili sambamba. Hayo matundu mawili ni ishara ya upepo mdogo, usipoteze muda kutafuta mwiba. Mahali barabara imefanya mawimbi kama bati, tafuta ukingo ambao magari hayaukanyagi, nyanyua makalio kidogo, uache magoti yapokee mtikisiko. Kila jioni kaza skrubu za keria, maana hizo ndizo hulegea kwanza, na ikidondoka moja mkono wa keria huingia kwenye spoku.

Lala Lupiro. Mwenye haraka hupitiliza na kuanza mlima wa Mahenge saa sita mchana, na huo ni uamuzi mbaya: utapanda zaidi ya mita 600 kutoka bondeni, kwa kona kali, bila kivuli cha kutosha. Ondoka Lupiro alfajiri na lita nne za maji kwa kila mtu. Pale gurudumu la nyuma linapoteleza kwenye changarawe legevu, kaa ukilalia nyuma kidogo kwenye siti badala ya kusimama juu ya pedali. Uzito wako ndio unaolipa tairi mshiko. Kusukuma si aibu, wenyeji wenye magunia wanasukuma kila siku. Mahenge penyewe kuna ubaridi wa kupendeza usiku, chukua sweta.

Njia ya pili inafuata mguu wa Udzungwa kwenda kusini-magharibi: Ifakara, Mbingu, Mngeta, Chita, Mlimba, kama kilomita 130, sambamba na reli ya TAZARA. Ndiyo nzuri kuliko zote. Kulia una msitu unaopanda mpaka mawinguni, kushoto mpunga na mbuga. Igawe siku tatu, kwani mito ni mingi na udongo hubadilika kila kijiji.

Jifunze kuusoma huo udongo. Ule mwekundu au wa mchanga, karibu na milima, hupitika hata siku moja baada ya mvua. Mweusi wa mbugani ni habari nyingine. Ukikauka unakuwa mgumu kama saruji, wenye nyufa zinazoweza kumeza tairi jembamba. Ukilowa, hata kwa manyunyu ya nusu saa, unanata. Mizunguko mitatu ya kwanza tairi linavaa koti jembamba. Ya nne koti limeshika nyasi na vijiti. Kufikia ya kumi, tope limejaa kati ya tairi na madigadi, gurudumu limekwama, na baisikeli ya kilo 15 imekuwa ya 30. Anayelazimisha kukanyaga hapo hukata cheni au huvunja kile kishikizo cha gia za nyuma, na Mngeta hutakipata kingine.

Kwa hiyo vua madigadi ukiwa Ifakara kabla ya kuingia njia hii. Chonga kijiti bapa cha mti mgumu, urefu wa sentimita 25, ukifunge kwenye fremu mahali mkono unafika. Ukianza kusikia tope likikwangua, simama mara moja, kwangua kwenye breki kwanza, kisha kwenye mkono wa cheni, mwisho kwenye tairi. Tembeza baisikeli kwenye majani ya pembeni, siyo kwenye njia ya matairi ya magari, kwa kuwa majani hufuta tairi badala ya kulipaka. Mvua ikiwa kubwa, usihangaike. Kaa kwenye kibanda, agiza chai, subiri. Jua likiwaka kwa muda wa saa tatu au nne hurudisha njia, na hakuna ujanja unaolishinda jua. Jioni osha cheni kwa maji na brashi, ifute, iache ikauke, ndipo utie tone moja la mafuta kwa kila kiungo na kufuta yanayobaki nje. Mafuta yaliyozidi hushika vumbi na kuwa msasa.

Mito midogo isiyo na daraja usiivuke ukiwa juu ya baisikeli kabla hujaona mtu mwingine akivuka. Maji yakizidi magoti na yanakwenda kasi, rudi. Kama habu zimezama, zifunguliwe Mlimba ama Ifakara na gololi zipakwe grisi mpya, la sivyo zitaanza kulia ndani ya wiki.

Mambo ya kila siku. Endesha saa 12 hadi saa 5 asubuhi, pumzika, malizia kuanzia saa 9 alasiri. Maji ya chupa yapo kwenye vituo vikubwa. Kati ya vijiji tumia ya kisima, uyachuje kwa kitambaa kizito kama ni machafu, utie kidonge cha klorini na usubiri dakika 30. Chakula si tatizo: asubuhi chai na maandazi, mchana wali kwa kambale au perege, na ndizi mbivu mfukoni. Malaria ipo mwaka mzima, kwa hiyo chandarua ni lazima hata gesti, na asiye mkazi wa ukanda huu amuone daktari kuhusu dawa ya kinga kabla ya kuondoka. Mahali penye mbung'o vaa nguo za rangi ya khaki au kijivu, kwani bluu na nyeusi huwavuta.

Ukitaka kupiga hema, nenda kwanza kwa mtendaji au mwenyekiti wa kijiji, umwamkie, ujieleze unatoka wapi na unakwenda wapi. Mara nyingi utaonyeshwa uwanja wa shule au wa zahanati. Hema lililosimamishwa mtoni kimya kimya linawapa watu wasiwasi, na viboko nao hulisha usiku.

Kurudi kutoka Mlimba, watu hutamani treni. Ulizia stesheni mapema kama inapita na kama inapokea baisikeli, lakini mpango wako uwe basi la Ifakara. Patana na konda nauli ya baisikeli kabla haijapakiwa. Toa gurudumu la mbele, ulifunge ubavuni mwa fremu kwa ule mpira wa tyubu. Toa pedali ukikumbuka kwamba ya kushoto inafunguliwa kwa kuzungusha upande wa kulia. Legeza usukani uulaze sambamba na fremu. Chonga kipande cha mti kinachoenea kati ya mikono miwili ya uma wa mbele, ukikaze hapo usije ukabanwa na magunia. Ndani ya buti ilale upande wa gia ukiwa juu, na usipande kwenye siti yako mpaka uone hakuna gunia la mchele lililowekwa juu yake.